Askari Aliyeongezewa Muda

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si woga, ni sheria. Tangu tuingie vitani ni marufuku kuandika jina la nchi mahali popote, adui asije akajua tuko wapi. Hata lile lililokuwa juu ya jengo la uwanja wa ndege limepakwa rangi, na marubani wa kigeni siku hizi hutua kwa kubahatisha. Wewe msomaji, ukihisi umeitambua, tafadhali nyamaza. Sijui umekaa na nani hapo unaposoma.

Vita vyenyewe viko Kule. Ndilo jina lake rasmi, Vita vya Kule. Kwenye ramani ya shule yetu ya msingi, Kule kulikuwa pale pale palipopigwa msumari wa kuitundikia ramani ukutani, kwa hiyo sisi sote tulikua tukiamini kwamba sehemu ile ya dunia ni tundu. Mataifa mawili ya huko yalikuwa yanagombana kwa sababu zao wenyewe. Sisi hatukuwa na neno na mtu. Ila uchaguzi ulikuwa umekaribia, na Mlezi wa Taifa, baba yetu sote ambaye hajawahi kushindwa, alikuwa amepata habari kwamba safari hii watu wananong'ona. Wiki hiyo hiyo Rafiki Mkubwa, ile nchi tajiri inayotupa magari na ushauri, akapiga simu kutuomba tumsaidie Kule. Mlezi alikubali kabla hajaulizwa swali. Mimi sisemi mambo hayo mawili yana uhusiano. Nasema tu kwamba yalitokea wiki moja.

Uchaguzi ukaahirishwa kwa ajili ya usalama wa wapiga kura. Redio ilitueleza kwamba watu waliopanga mstari ni shabaha rahisi kwa ndege za adui. Mistari ya mkate iliruhusiwa kuendelea, kwa kuwa adui naye ni binadamu.

Na lazima tuseme kweli, vita vilitunyoosha. Zamani umeme ukikatika tulitukana mpaka majirani wakaona haya. Sasa ukikatika tunajua ni hatua ya kujihami, ndege zisituone, na tunajivunia, hata ukikatika saa sita mchana jua likiwa utosini. Mashimo ya barabarani yalitangazwa kuwa mahandaki. Fundi mmoja wa manispaa aliyefukia shimo karibu na soko alikamatwa kwa kubomoa ngome ya taifa. Sukari ilipopotea madukani tuliambiwa imekwenda mbele, kwa wapiganaji. Dawa za hospitali nazo zikaenda mbele. Pensheni za walimu, mbele. Nilianza kuona kwamba huko mbele ndiko mahali pazuri kuliko pote duniani, na nikawaonea wivu vijana wetu.

Biashara nayo ilichangamka, angalau kwa waliochangamka. Bwana Ghalibu, aliyekuwa akiuza mitumba kwenye turubai chini, sasa ni Mgavi Mkuu wa Sare za Jeshi. Watu wenye kijicho wanasema ni shemeji yake Waziri wa Ushindi na Bei. Mimi nimemchunguza kwa makini na nimeona kwamba ni kweli, lakini shemeji naye ni mwananchi. Kisha ikaja Kodi ya Ushindi, ambayo tunalipa mapema, kwa sababu ushindi wenyewe ni wa hakika.

Ili adui asijipenyeze, kila nyumba iliamriwa kuichunguza nyumba ya kulia kwake. Mimi nilipewa nyumba ya Bi. Kidawa, mjane anayekaanga bajia mlangoni pake. Yeye akapewa ya fundi seremala, na kadhalika mpaka mwisho wa mtaa, ambako mzee mmoja mwenye nyumba ya kona aliambiwa ajichunguze mwenyewe. Nyumba ya kushoto kwangu haina mtu tangu kabla ya vita. Kwa hiyo sijui ni nani anayenichunguza mimi, na jambo hilo hunikosesha raha kuliko kama ningemjua.

Bi. Kidawa alikuwa na mtoto mmoja tu, Nuhu, fundi wa baiskeli na golikipa wa timu ya mtaa. Alichukuliwa uwanjani pamoja na wenzake wote. Waliambiwa kuna mechi ya kirafiki Kule. Waliondoka wamevaa njumu, wakiimba juu ya lori, na refa alichukuliwa pia.

*

Sasa nieleze habari ya sukari, maana wageni hawaielewi.

Askari wetu hawafi. Si kwa ushujaa, ni kwa mkataba. Rafiki Mkubwa hulipia kila askari wetu aliye hai, na asiyekuwa hai halipiwi. Serikali yetu, baada ya kutafakari sana, ikachukua msimamo mkali dhidi ya kifo. Askari akipatwa na lile jambo, huwa ameongezewa muda. Mshahara wake unaendelea kulipwa na Rafiki, unaendelea kupokelewa na wanaohusika, na jamaa zake hupelekewa pongezi pamoja na mfuko wa sukari.

Huletwa na maofisa wawili kwenye gari jeupe. Wanabisha hodi, wanapiga saluti, wanasema, "Hongera, mama. Kijana wako ameongezewa muda," wanaweka mfuko kizingitini na kuondoka. Hakuna aliyetufafanulia zaidi. Mimi kama raia mwema niliamini maelezo kama yalivyo. Lakini niliona kwamba mtaa mzima ulikuwa unalilia sukari, na gari lile jeupe likiingia, wanawake walifunga milango na kujifanya hawapo nyumbani.

Matanga yalipigwa marufuku. Sheria inayaita Mkusanyiko wa Huzuni. Kila anayelia, alisema Waziri, anampa adui taarifa bure. Polisi walipelekwa mafunzo ya kutofautisha machozi ya kitunguu na machozi mengine, na wengi walifaulu.

Kuanzia hapo harusi zikaanza kuongezeka. Mimi ni mshereheshaji. Kazi yangu ni kushika maikrofoni, kutaja majina ya koo mbili, kuwachekesha wakwe na kuwaambia watu pilau iko tayari hata kama haiko. Nilipata kazi nyingi sana mwaka ule. Zilikuwa harusi za ajabu kidogo. Bibi harusi hakufunuliwa shela. Kwenye kiti cha bwana harusi palikuwa na shati lililokunjwa vizuri. Wanawake walipiga vigelegele wameziba midomo kwa khanga, na sauti ikatoka ikikwaruza. Chai ilikuwa na sukari mno, na kila aliyeionja aliinama. Mimi sikuuliza bwana harusi yuko wapi. Nilisema, "Ndugu wapendwa, leo ni siku kubwa," nikachukua ujira wangu nikaenda zangu. Mshereheshaji anayeuliza maswali hapati kazi ya pili.

Lakini hesabu za harusi zilifika bungeni. Mheshimiwa Waziri wa Ushindi na Bei, Daktari na Kanali Baruti, ambaye udaktari na ukanali alivipata asubuhi moja, alisimama akiwa na furaha isiyo kifani.

"Mheshimiwa Spika," akanguruma, "wapo vibaraka wanaodai kwamba vita vimewatesa wananchi. Nauliza! Taifa linaloteseka linaoana? Harusi zimeongezeka maradufu! Vita vimeleta ajira, vimeleta nidhamu, na sasa, Mheshimiwa Spika, vimeleta mapenzi!"

Wabunge walipiga meza mpaka moja ikavunjika. Ilibadilishwa kwa fedha za Kodi ya Ushindi. Balozi wa Rafiki Mkubwa, aliyekuwa juu kwenye viti vya wageni akisikiliza, aliguswa, akasema angependa kuiona harusi moja ya namna hiyo kwa macho yake.

*

Gari jeupe lilisimama kwa Bi. Kidawa siku ya Jumanne, mafuta yakiwa yanachemka kwenye karai. Kwa kuwa nilikuwa mchunguzi wake halali, nilisogea dirishani. Alisikiliza hongera yake. Maofisa walipoondoka, aliepua karai, akazima moto, akaupita ule mfuko wa sukari bila kuugusa, akaja moja kwa moja kwangu.

"Shomari mwanangu," akasema, "umeona."

"Sikuona kitu, Bi. Kidawa."

"Umeona. Pazia lilikuwa linatikisika. Nuhu amekufa."

Nilimwomba ashushe sauti. Nilimweleza kwa upole kwamba hakufa, ameongezewa muda, na kwamba kama moyo umemzidi, tunaweza kumpangia harusi nzuri, na mimi ningemfanyia bei ya jirani.

"Harusi!" Aliniangalia mpaka nikajikuta natazama vidole vya miguu yangu. "Mwanangu hakuoa. Sikumpikia pilau ya harusi akiwa hai, nimpikie leo? Niwazungushie watu shati lake wakinipigia vigelegele? Hapana, Shomari. Nataka waje wakae chini. Nataka mtu mmoja, mmoja tu, anitajie jina lake aseme amekufa. Basi. Hilo nalo ni kubwa?"

"Ni kubwa, bi mkubwa," nikasema, na hapo nilisema kweli tupu. "Utafungwa."

"Sasa niko wapi?" akajibu, akatoka.

Alikwenda ofisi ya Mwenyekiti wa Mtaa kuomba kibali cha matanga. Watu waliokuwepo walisogea mbali naye hapo hapo, ili wasije wakaonekana kuwa wamesikia. Mwenyekiti alitazama huku na huku, akachungulia chini ya meza yake mwenyewe, kisha akamwambia kibali hicho hakipo katika nchi. Kilichopo ni cha harusi. Na bahati iliyoje! Asubuhi ile ile alikuwa ameagizwa kutoka juu atafute harusi ya mfano kwa ajili ya Waziri na Balozi. Bi. Kidawa aliingia akiomba matanga, akatoka na harusi ya Jumamosi, mgeni rasmi Mheshimiwa Baruti. Alikataa, akaambiwa kukataa mgeni rasmi wakati wa vita ni kukimbia mapambano.

*

Jumamosi mtaa ulipambwa. Bendera zilitundikwa, zile mpya, ambazo rangi zake zimebadilishwa ili adui asizitambue, na sisi pia. Mahandaki yalifunikwa kwa mbao magari yapite. Kati ya wageni alikuwepo mtu mwenye miwani myeusi ambaye hakula, hakunywa, wala hakukaa. Nilimtilia shaka, nikaona naye ananitilia shaka, tukaheshimiana.

Bibi harusi alikuwa mpwa wa fundi seremala, amefunikwa shela toka kichwani hadi miguuni. Kwenye kiti cha pembeni Bi. Kidawa alikuwa ameweka kanzu ya Idi ya Nuhu. Yeye mwenyewe alikaa nyuma yake, mkono mmoja juu ya kanzu. Hakuvaa nguo ya sherehe wala hakutazama mtu.

Nilishika maikrofoni. Nikamkaribisha Mheshimiwa, nikamkaribisha Balozi, nikawachekesha wakwe ambao hawakuwepo. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka Waziri alipotazama kiti.

"Na bwana harusi?" akauliza.

Nilitafuta utani, mimi ambaye sijawahi kukosa utani, nikaukosa. Mtu wa miwani myeusi akamnong'oneza Waziri, Waziri akamnong'oneza mtu wa miwani myeusi, na kabla mkalimani hajaanza kumweleza Balozi, dereva wa Waziri aliburutwa kutoka kwenye gari, kijana mrefu mwenye mswaki mdomoni. Walimvika kanzu ya Nuhu. Mikono ya kanzu ilimfikia chini kidogo ya viwiko. Walimkalisha.

"Huyu hapa!" akatangaza Waziri, akaninyang'anya maikrofoni. "Askari Nuhu, shujaa wetu, ameruhusiwa kutoka mstari wa mbele kuja kuoa! Mheshimiwa Balozi, wapo wanaosema vijana wetu hawarudi. Mtazame! Amerudi, na amenenepa! Mama mzazi, njoo umkumbatie mwanao."

Bi. Kidawa alisimama. Namfahamu mama huyu tangu utoto wangu, na sijapata kuona mtu akivuka uwanja mdogo vile kwa taabu vile. Alifika mbele ya kijana. Alimtoa mswaki mdomoni, akamweka sawa kola ya kanzu.

"Jina lako nani, mwanangu?" akamwuliza taratibu.

"Tindo, mama."

"Mama yako yupo?"

"Yupo, mama."

"Leo ukitoka hapa nenda kwake. Akuone."

Kijana alianza kulia. Bi. Kidawa alimkumbatia, na Balozi akapiga makofi. Kisha mama aligeuka, akaichukua maikrofoni mkononi mwa Waziri, wala hakuipokonya. Aliichukua kwa utaratibu, na Waziri, aliyezoea kupokewa vitu, aliiachia.

"Huyu ni mtoto wa mwenzangu," akasema. "Wa kwangu anaitwa Nuhu. Nuhu wangu amekufa Kule."

Kilichotokea hapo sikukiamuru mimi. Mwanamke mmoja alipiga ukelele, wa pili akapokea, kisha wote, wale wote niliowasherehesha mwaka mzima, wakatoa khanga midomoni. Bibi harusi akatupa shela. Balozi aliuliza wanasema nini. Mkalimani, mtu mwenye watoto wa kusomesha, akamwambia furaha imewazidi. Balozi akatokwa na machozi, akaahidi papo hapo magari mengine, na akaomba vijana wengine zaidi wapelekwe Kule, kwa kuwa ameona mwenyewe jinsi vita vinavyowapendeza wananchi.

Bi. Kidawa alikamatwa kabla pilau haijapakuliwa.

*

Kesi ilisikilizwa na Hakimu Feruzi, mtu anayeogopwa na pande zote mbili kwa sababu hamwamini mtu. Husemekana hata saa ya ukutani huiuliza mara mbili. Waziri alikaa mstari wa mbele kuhakikisha haki inatendeka anavyotaka. Mimi niliitwa kama shahidi, kwa kuwa nilikuwa mchunguzi wa mshitakiwa, na nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba pazia langu ni zito mno.

"Mshitakiwa ametoa siri ya vita," akaanza wakili wa serikali.

"Siri gani?" akauliza Hakimu.

"Siwezi kuitaja, mheshimiwa. Ni siri."

"Basi namwachia."

Waziri akakohoa. Wakili akageuka, akatazama kikohozi kile, akarudi mbele akitoka jasho.

"Alitamka jambo kuhusu askari mmoja, mheshimiwa."

"La kweli au la uongo? Kama ni la uongo, basi huyo askari ni mzima, na mahakama yangu inataka kumwona. Mlete."

Wakili alieleza kwamba Askari Nuhu hapatikani kwa sasa. Ilibidi pia aeleze, kwa sauti ndogo, kwamba hata yule Nuhu wa Jumamosi hapatikani. Tangu siku ile hajaonekana, wala gari la Mheshimiwa. Inasadikika alikwenda kwa mama yake.

"Basi ni la kweli," akasema Hakimu. "Lisome shitaka lako kamili, au nenda kalale."

Wakili alimtazama Waziri. Waziri alitazama dari, akipima lipi ni baya zaidi, kusikia ikitamkwa kwamba mtu amekufa au kumwona mwanamke yule akitoka mlangoni yuko huru. Akaitikia kwa kichwa.

"Kwamba Nuhu bin Salehe, askari," akasoma wakili, "alikufa Kule, na kwamba mshitakiwa, akijua kuwa amekufa, alitamka hadharani kuwa amekufa."

Bi. Kidawa alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

"Mshitakiwa hasikii vizuri," akasema Hakimu, ingawa hakuna aliyelalamika. "Rudia. Polepole. Jina kamili."

Wakili akarudia. Nuhu bin Salehe, amekufa. Ilisemwa na serikali yenyewe, kwa sauti, mbele ya mhuri na nembo ya taifa.

Hakimu alivua miwani yake. "Makiwa, Bi. Kidawa," akasema.

"Yamepita, mheshimiwa," akajibu mama wa watu, akaketi palepale kizimbani. Askari wa mlangoni alivua kofia. Kutoka nyuma, mmoja mmoja, watu walisimama wakasema neno lile lile la rambirambi, hata wale waliokuja kushuhudia haki ya Waziri. Mimi nilisema pia. Sikujua kwamba nimesema mpaka niliposikia sauti yangu.

Hakimu akavaa miwani na kuukunja uso wake kama kawaida.

"Mshitakiwa ana hatia," akasema. "Na ni mtu hatari. Ameweza kuliza mtaa mzima kwa maneno machache. Mahakama haiwezi kumwacha akae peke yake hata kwa dakika moja. Inaamuru arudishwe nyumbani kwake, mlango uwe wazi, watandikiwe majamvi, na majirani wote, wanawake ndani na wanaume nje, wakae naye mchana kutwa wamchunguze. Wapewe chakula na chai, uchunguzi usilegee. Na kwa kuwa mahakama hii haimwamini mtu, nami nitakuja kuwachunguza hao wachunguzi."

Waziri aliridhika sana. Alisema hiyo ndiyo adhabu kali kuliko zote zilizowahi kutolewa tangu vita vianze, na magazeti yakaandika hivyo.

Nilikwenda kutekeleza amri. Nilikaa jamvini nje ya mlango wake, fundi seremala upande mmoja, Hakimu Feruzi upande wa pili ameshika kikombe, tukamchunguza Bi. Kidawa kwa nguvu zetu zote. Alimsema Nuhu tangu alipozaliwa, akasema jinsi alivyokuwa akidaka mipira hata ile iliyokuwa inakwenda nje. Tuliolia tulilia kwa mujibu wa sheria. Nililia mpaka kifua kikaniuma.

Asubuhi yake nilipita mbele ya kituo cha polisi, nikawakuta akina mama wamejaa hadi barabarani. Niliwajua karibu wote, nimewasherehesha. Sajini wa zamu alikuwa amesimama mlangoni amechanganyikiwa, akamwuliza wa kwanza ameletwa kwa kosa gani.

"Bado sijalifanya, baba," akasema yule mama, akajifunga khanga yake vizuri. "Nimekuja kulifanyia hapa hapa. Mwanangu Makungu amekufa."